Losheni ya kulainisha na kung'arisha mwili: kwa nini iliharibika, na namna ya kuitengeneza upya

«Shikamoo mtaalamu. Niko Kisauni, nauza singo, liwa na udi kwa maharusi. Wateja wananiomba losheni ya mwili ya kulainisha na kung'arisha, hasa viwiko, magoti na mapaja. Nilinunua losheni nyeupe ya jumla, lita tano, nikatia unga wa vitamini C, maji ya ndimu, glisirini na kijiko cha manjano. Mwanzo ilipendeza. Wiki ya pili ikawa rangi ya chai na maji yakajitenga. Mteja mmoja mapaja yalimwaka moto, na sasa yamekuwa meusi kuliko alivyoanza. Nasikia asidi laktiki na nayasinamaidi ndizo zinazotumika siku hizi. Nitie kiasi gani? Naweza kuzichanganya na singo? Na nikizidisha kipimo, matokeo yatakuja haraka? Mwezi ujao nina harusi nyingi.»

Marahaba, mwanangu. Kabla ya vipimo tumshughulikie huyo mteja. Aache losheni hiyo leo. Asisugue mapaja kwa dodoki wala kwa singo, aoge kwa sabuni isiyo kali, apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato asubuhi na jioni, na asiguse kitu chochote cha kuondoa weusi kwa muda wa wiki nne hivi, mpaka ngozi itulie kabisa. Kukiwa na malengelenge, majimaji, maumivu yanayozidi au homa, aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Weusi utakaobaki hufifia wenyewe, ila ni kazi ya miezi, na ni wewe unayepaswa kumwambia hivyo, asije akakimbilia dawa kali zaidi kutoka kwa mwingine.

Yaliyompata ndiyo msingi wa jibu langu lote, kwa hiyo nieleze. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli zilizo chini kidogo ya uso wa ngozi, nazo huzigawia rangi hiyo seli za jirani. Idadi ya seli hizi kwa mtu mweusi na mweupe inakaribiana. Tofauti ni kwamba zetu hufanya kazi kwa bidii zaidi, na huamka upesi zinaposhtuliwa. Kitu chochote kinachochoma, kukwaruza au kuwasha ngozi huziambia zimwage rangi zaidi. Ndiyo maana kipele kidogo huacha doa jeusi, na kiwiko kinachosuguliwa kila siku kwa jiwe la miguu huzidi kuwa cheusi na kigumu. Ngozi kama yetu, ukiichoma ili ing'are, itajibu kwa kuwa nyeusi. Losheni inayofaa ni ile ambayo mteja haisikii ikimwuma, zaidi ya mchomo mdogo unaopita upesi.

Sasa tuangalie chupa yenyewe. Losheni ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na ushirikiano huo una mizani yake. Ulipotia ndimu na unga wa vitamini C, ambao nao ni asidi, uliivunja mizani, ikakatika kama tui la nazi lililochemka bila kukorogwa. Vitamini C iliyoyeyushwa kwenye maji huliwa na hewa: huwa njano, kisha kahawia, na joto la kaskazi huharakisha jambo hilo, kwa hiyo rangi ya chai uliyoiona ni vitamini iliyokwisha kufa. Kihifadhi kilichokuwamo nacho ulikizimua kwa maji ya tunda, ukawapa bakteria na ukungu chakula. Ndimu ina ubaya wa pili. Ukali wake unakaribia pH 2 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: maji safi ni 7, na namba ikishuka ukali unapanda), na ndani yake mna kemikali ambazo ngozi ikiwa nazo kisha ikapigwa na jua huungua, hata kufanya malengelenge na mabaka meusi ya miezi. Ndimu iachie samaki. Manjano hayang'arishi kwa kipimo hicho, yanapaka rangi tu, na rangi hiyo inakudanganya wewe na mteja wako kwa siku mbili.

Na ile losheni ya jumla, je, unajua ina nini? Kama haina orodha ya viungo wala jina la mtengenezaji, inawezekana ni mkorogo tayari. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinauzwa. Zebaki huharibu figo na humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa rangi ya majivu usiotoka tena. Krimu za steroidi kama clobetasol huikonda ngozi mpaka michirizi ikajaa mapajani. Usiwahi tena kujenga biashara yako juu ya losheni ya mtu mwingine usiyoijua.

Kwa hiyo tukubaliane maana ya maneno. Kujichubua ni kuondoa rangi uliyozaliwa nayo. Kung'arisha, kwa maana ninayokusaidia nayo, ni kuondoa mpauko na tabaka la seli zilizokufa, na kusawazisha mahali palipoiva kuliko pengine, mpaka mwili mzima ukaribie rangi ya mkono kwa ndani, pale pasipopigwa na jua. Mteja anayetaka kupita hapo, mwambie huna dawa yake.

Asidi laktiki inafanya kazi hiyo kwa upole. Seli zilizokufa juu ya ngozi zimeshikana kama vigae kwa vifungo vidogo, na asidi hii huvilegeza ili seli zidondoke zenyewe bila kusuguliwa. Pia huvuta maji, kwa hiyo ngozi hulainika badala ya kukauka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba asilimia peke yake haisemi kitu. Kinachoingia kwenye ngozi ni ile sehemu ya asidi ambayo haijatulizwa, na sehemu hiyo inategemea pH. Kwenye pH 3.86 nusu ya asidi laktiki iko huru na nusu imetulia. Asilimia 5 kwenye pH 2.5 itamchoma mtu, asilimia hiyo hiyo kwenye pH 4 itamlainisha, na kwenye pH 6 haitafanya zaidi ya kuleta unyevu. Kwa losheni za kutumia nyumbani, wataalamu wa usalama wa vipodozi Marekani waliweka mpaka wa asilimia 10 na pH isiyoshuka chini ya 3.5. Mimi kwa mwili mzima, kwa joto la Mombasa, jasho na msuguano wa mapaja chini ya buibui, nakushauri asilimia 5 na pH 4. Ukizidisha hutaharakisha lolote, utamrudisha mteja wako pale alipofika yule wa mapaja.

Nayasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, inakwenda njia nyingine. Haichubui kitu. Inapunguza ile rangi inayogawiwa kutoka seli inayoitengeneza kwenda kwa jirani zake, na inaimarisha ukuta wa ngozi. Asilimia 4 inatosha. Lakini usiitie chupa moja na asidi. Kwenye pH ya chini na joto, baada ya muda sehemu yake hugeuka asidi nikotiniki, na hiyo huleta joto na wekundu wa ghafla. Kuna viwanda vinavyoziweka pamoja kwa pH ya kati na kuzipima kwa miezi. Wewe losheni yako itakaa kibandani kwenye nyuzi 32, nje ya friji. Tengeneza mbili: ya usiku yenye asidi, ya asubuhi yenye nayasinamaidi.

Hii ni ya usiku, gramu 500. Pima kila kitu kwa mizani, hata maji. Kijiko si kipimo cha asidi.

Chombo cha maji: maji yaliyotoneshwa gramu 347, glisirini 20, gamu ya zanthani ya kuzuia losheni isiwe maji 1.5, EDTA, unga unaofunga chembe za madini, 0.5. Chombo cha mafuta: emalsifaya, yaani kiungo kinachoshikanisha maji na mafuta, ya glisirili stearati pamoja na PEG-100 stearati gramu 25, alkoholi ya setili, ambayo ni nta ya kuipa losheni uzito, 10, mafuta mepesi 48. Mafuta hayo yanaweza kuwa ya alizeti yaliyosafishwa, au yale mafuta ya nazi yaliyotenganishwa ambayo hayagandi hata kwenye friji. Ya mwisho, losheni ikishapoa: asidi laktiki ya asilimia 80 gramu 13, sodiamu laktati ya asilimia 60 gramu 30, na kihifadhi cha fenoksietanoli na etilheksilglisirini gramu 5.

Utauliza mbona asidi ni gramu 13 tu. Sodiamu laktati ni asidi hiyo hiyo iliyokwisha kutulizwa, na ukizihesabu pamoja unapata ile asilimia 5, tena pH inatua karibu na 4 yenyewe. Wengine hutia asidi yote kisha huituliza kwa magadi makali ya sodiamu haidroksaidi. Njia hiyo ni sahihi, lakini magadi hayo hutoboa jicho, na kwa jikoni ya nyumbani sioni sababu ya kuyaingiza. Hata hivyo asidi ya asilimia 80 nayo si maji: vaa glavu na miwani ya kukinga, na watoto wawe mbali.

Maji usinunue kituo cha mafuta. Kinachoitwa maji ya betri mara nyingine ni asidi ya betri. Nunua duka la dawa au kwa wauza vifaa vya maabara. Na usibadilishe maji kwa marashi ya waridi wala alovera ya uani, kwa maana hapo unawapikia bakteria. Emalsifaya nayo uitaje kwa jina lake kamili dukani, kwa sababu zile zinazotegemea sabuni zitakatika ukitia asidi, na kabopoli, ile gamu ya kutengenezea jeli, italegea iwe maji.

Anza kwa kufuta meza na vyombo kwa spiriti ya asilimia 70. Koroga gamu ndani ya glisirini kwanza mpaka iwe uji laini, ndipo umimine maji, la sivyo utapata madonge yasiyoyeyuka. Tia EDTA. Pima uzito wa chombo cha maji pamoja na yaliyomo kabla ya kukiweka motoni. Weka vyombo vyote viwili ndani ya sufuria pana yenye maji yanayotokota polepole, mpaka vyote vifike nyuzi 75, na uvishikilie hapo dakika 20. Pima tena chombo cha maji. Kilichopungua kwa mvuke kirudishe kwa maji ya moto yaliyotoneshwa, kwa kuwa gramu 20 zikipotea hesabu yako yote ya asidi imebadilika.

Mimina mafuta kwenye maji na upige kwa blenda ya mkono dakika mbili hadi tatu, kichwa chake kikae chini ya uso wa losheni kisivute hewa. Itageuka nyeupe papo hapo. Kisha koroga kwa mwiko safi huku ikipoa. Mtu akiiacha ipoe bila kukorogwa, nta hushikana vipande vipande, na losheni huwa na chengachenga kama sima mbichi. Ikishuka chini ya nyuzi 40, changanya asidi na sodiamu laktati kwenye kikombe, mimina kidogo kidogo huku unakoroga, halafu kihifadhi. Itakuwa nyepesi kidogo kumiminika kwa sababu ya chumvi ya laktati, usiogope. Kama unaitaka nzito zaidi, pandisha setili hadi gramu 15 na upunguze maji gramu 5.

Sasa pima pH. Chota gramu 1 ya losheni, changanya na gramu 9 za maji yaliyotoneshwa, tumbukiza kipima pH kilichorekebishwa kwa miyeyusho ya 4 na 7. Vikaratasi vya pH vinafaa vikiwa na mgawanyo wa nusu nusu angalau, na mikono isiwe na manjano. Unataka kati ya 3.8 na 4.2. Ikiwa juu, ongeza asidi nusu gramu nusu gramu. Ikiwa chini, ongeza sodiamu laktati gramu 2 kwa mara. Halafu funga, subiri siku mbili, upime tena. Asidi laktiki nzito ina chembe zilizoshikana jozi jozi, nazo zikikutana na maji huachana taratibu na kuongeza ukali. Aliyepima siku ya kwanza tu na kujaza chupa huja kushangaa wiki ya pili kwa nini watu wanalalamika.

Ya asubuhi ni nyepesi kuieleza: emalsifaya, setili, mafuta, glisirini, gamu, EDTA na kihifadhi kwa vipimo vile vile, maji gramu 370, na nayasinamaidi gramu 20 uiyeyushe katika sehemu ya maji hayo, uitie ikishapoa. Hakuna asidi wala laktati. pH iwe kati ya 5.5 na 6.5, na kama iko juu, tone moja moja la asidi laktiki litaishusha.

Singo usiitie ndani ya losheni hata kidogo. Viungo vikavu hubeba vijidudu vilivyolala, na ukiviingiza kwenye maji vinaamka kuliko kihifadhi kinavyoweza kuvihimili. Mahali pake ni pake: unga mkavu uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie mchanga, unachanganywa na marashi ya waridi saa ile ile ya kutumia, na unaobaki unatupwa. Karafuu iwe kidogo, kwa kuwa mafuta yake huwasha wengi. Na siku ya singo si siku ya losheni ya asidi. Acha siku tatu kati yao, kabla na baada.

Matumizi yaanze polepole: usiku mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili, kisha usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, kijiko cha chai kimoja kwa kila mguu kinatosha. Isipakwe kwapani, sehemu za siri, kwenye michubuko, penye pumu ya ngozi, wala siku ya kunyoa au kutoa nywele kwa sukari. Mchomo mdogo wa dakika moja au mbili ni wa kawaida. Ukizidi hapo, mtu aioshe. Asidi hii huifanya ngozi iungue na jua upesi, na hali hiyo hubaki kama wiki moja baada ya kuacha, kwa hiyo shingo, mikono na sehemu za miguu zinazobaki nje ya buibui zipakwe kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Bila hiyo, unayoyaondoa usiku yanarudi mchana. Ulaini huonekana ndani ya wiki mbili. Kusawazika kwa rangi ni wiki 8 hadi 12.

Hapo ndipo jibu la harusi zako za mwezi ujao. Losheni hii haitamfaa biharusi wa mwezi ujao, na usimwanzishie kitu kipya karibu na siku yake. Huyo mpe singo laini, mafuta mazuri na glisirini. Wa miezi sita ijayo ndiye wa kumwandikia leo, maana losheni yenyewe itajaribiwa miezi mitatu kwanza, na kwanza ajaribu kidogo ndani ya mkono, mara mbili kwa siku kwa siku saba.

Kuna weusi ambao haukuhusu wewe wala losheni yako. Shingo, kwapa au kati ya mapaja pakiwa peusi, panene, kama mahameli, mara nyingi ni dalili ya mwili kushindwa kuitumia insulini vizuri, na mtu apimwe sukari kabla ya kuuziwa chochote. Mabaka mepesi yenye magamba kifuani na mgongoni wakati wa joto huwa ni fangasi, na yana dawa yake. Doa linalobadilika umbo, kutoka damu au lisilopona, pamoja na weusi wa majivu kwa mtu aliyetumia mkorogo miaka mingi, ni vya daktari wa ngozi. Aliyekuwa akipaka krimu za steroidi naye asiziache ghafla bila ushauri wake.

Usiuze mara moja. Weka chupa tatu: moja kwenye friji, moja kabatini, moja mahali pa joto la nyuzi 40 hivi, na kwa miezi mitatu kila wiki uangalie rangi, harufu, kujitenga na pH. Chupa ziwe za pampu, si makopo ya kuchovya vidole. Kwa uuzaji utahitaji alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Ofisi yao ya Pwani iko hapa hapa Mombasa, uwaulize mapema kuhusu kipimo cha vijidudu, kwa kuwa hicho hakifanyiki kwa macho. Lebo iandike viungo vyote, tarehe ya kutengenezwa, namba ya pishi na onyo la jua.

Na ile losheni ya rangi ya chai iliyobaki, usijaribu kuiokoa kwa kupiga blenda upya. Imwage yote, utupe na chupa zake, kisha uwapigie simu wote waliokwisha kuinunua.